Kutoka makaburi ya Sanga hadi malupango ya Katuba

Kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale, kusini-mashariki mwa nchi yetu ya Kongo (DRC), uchimbuaji ulioanza mwaka 1957 ulifunua makaburi ya watu walioishi karibu miaka elfu moja iliyopita. Mengine ni ya watoto, nayo yana vyungu vingi na mapambo ya shaba. Mtoto hajafua chuma wala kufanya biashara. Mali ile kaipata wapi? Wanaakiolojia wanaisoma kama alama ya cheo cha kurithi. Somo hilo lilinishika nikiwa mwanafunzi wa historia katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na mpaka leo halijaniachia.

Nilipomaliza lisansi, yaani shahada ya chuo, kazi ya akiolojia mjini ilikuwa haba: makumbusho, chuo, basi. Lakini swali la urithi lilikuwa mtaani kwetu. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi wapatao 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondoka kazini katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Zamani kampuni ilikuwa ikimpa mfanyakazi nyumba, posho ya unga, hospitali, na shule ya watoto wake. Watoto hao wamerithi nini? Nikaona kwamba hilo ni swali la sera za jamii, na mimi nilikuwa nimeshajifunza kuliuliza.

Nikaingia kwenye mradi wa utafiti kwa mlango wa chini: kuuliza maswali nyumba kwa nyumba. Katika barua ya maombi sikuificha akiolojia. Niliandika kwamba najua kuchora ramani ya mahali pasipo na kumbukumbu, na kuandika kila kitu pamoja na mahali kilipokutwa.

Ujuzi huo ulihitajika mapema sana. Sensa ya mwisho nchini kwetu ni ya 1984, kwa hiyo hapakuwa na orodha ya kaya ya kuchagulia sampuli. Mwanaakiolojia hangoji orodha. Tulichukua picha ya setilaiti ya Katuba, komini (sehemu ya utawala) ya mji wa Lubumbashi, tukaigawa kwa miraba, tukachagua miraba kwa kura, kisha tukatembea barabara kwa barabara tukihesabu malupango, yaani viwanja vya makazi. Hapo nilisisitiza jambo moja: lupango moja si kaya moja. Mwenye kiwanja anakaa mbele, wapangaji wamejibana vyumba vya nyuma, na ukiishia kwa anayefungua lango unawapoteza walio maskini zaidi. Tukaorodhesha kila jiko, maana kila jiko ni kaya, kisha tukachagua kaya moja kwa kura katika kila lupango. Mwenzetu wa uchumi akanifundisha sehemu iliyobaki, yaani kumpa kila anayejibu uzito wake, maana kaya iliyo peke yake katika lupango ina nafasi kubwa ya kuchaguliwa kuliko iliyo kati ya sita. Hesabu hizo nilizifanya kwa R, programu ya kompyuta ya takwimu, ambayo hailipiwi, usiku umeme ukirudi. Takwimu ni ngumu kwa mtu wa historia, ila zinajifunzika ukiwa na swali unalolipenda.

Maswali nayo yalibidi yabadilike. Nilimuuliza mama mmoja, mjane wa mfanyakazi wa zamani, kwa mwezi wanaingiza kiasi gani.

“Mwanangu, pesa yetu haina mwezi. Iko na siku.”

Tangu hapo tukauliza mambo ya jana. Unga mlinunua kwa mfuko au kwa kopo? Makala (mkaa) kwa gunia au kwa fungu? Majibu yakaja bila kusita, nayo yalisema mengi: anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa ghali kwa kila kilo. Vitu vya nyumbani husema yale ambayo mtu anaona haya kuyataja.

Kuandika ndiko kulikonichukua muda mrefu. Ripoti ya uchimbuaji hueleza kila tabaka la udongo. Ofisi ya komini inataka kurasa mbili, na sentensi ya kwanza iseme la kufanya. Yetu ilisema kwamba shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu 2019, lakini mtoto wa mpangaji bado anabaki nyumbani kwa kukosa sare na madaftari, hasa baba anapokosa kibarua. Tukapendekeza msaada wa vifaa vya shule ugawiwe kwa kaya, si kwa lupango. Maneno hayo ya mwisho mara mbili yalitaka kufutwa ili ukurasa upungue. Niliyapigania, yakabaki.