Nilivyozirudia picha za kutisha, na uoga wangu uleule

Mpwa wangu ana miaka kumi na sijaona kinachomtisha. Siku moja aliniuliza, "Mjomba, wewe ulipokuwa mdogo katuni gani ilikuogopesha?" Nikamjibu bila kufikiri: ile ya mifupa. Mifupa ipi? Hapo nikakwama. Jina sikulijua. Nilichobaki nacho kichwani ni makaburi, usiku, na mifupa ya mtu imemkamata paka mkia inamvuta. Na jambo moja zaidi: kwamba baada ya kuiona nilikataa kulala peke yangu kwa siku ambazo dada yangu, yaani mama yake huyu mtoto, mpaka leo huzitaja kila anapozidiwa kwenye mabishano.

Niseme mapema kwamba uoga wangu ni wa skrini tu. Nyoka, giza, kung'olewa jino, hayo nayamudu. Lakini wenzangu wakikaa kutazama picha ya mizimu, mimi ndiye ninayekumbuka ghafla kwamba sufuria haijafunikwa jikoni. Niliishi hivyo miaka mingi bila kero, mpaka mtoto aliponiangalia kwa huruma akasema, "Tuitafute basi. Tutaitazama wote, mimi nitakaa upande wa mlango."

Kuitafuta kulichukua jioni mbili. Niliandika kwenye intaneti kila nilichokikumbuka, na kilichonipoteza ni kwamba nilikuwa na hakika katuni ile ilikuwa ya rangi, na mifupa ilikuwa na macho mekundu. Ilipopatikana haikuwa na rangi hata chembe. Inaitwa The Skeleton Dance, ilitengenezwa na Walt Disney mwaka 1929, ikiwa ya kwanza katika mfululizo wa Silly Symphonies, na karibu yote ilichorwa na mtu mmoja, Ub Iwerks. Macho mekundu niliyapaka mwenyewe, usiku, miaka yote hiyo.

Ni dakika tano na ushee tu. Bundi kwenye mti, kengele, popo, paka wawili wanagombana juu ya makaburi, kisha mifupa inatoka na kuanza kucheza ngoma. Mmoja anampiga mwenzake mgongoni kwa mifupa ya mapaja kama anapiga marimba. Na paka wangu yupo! Anavutwa mkia kweli, ila anapigwa kama fidla. Wazo la mtunzi wa muziki, Carl Stalling, lilikuwa kwamba katika mfululizo ule picha zifuate muziki badala ya muziki kuzifuata picha, na ukilijua hilo unaona kwamba wale hawakuja kumtisha mtu, wamekuja kazini, ni bendi. Jogoo anawika, wanagongana, wanarukia kaburini, na miguu miwili inasahaulika nje. Mpwa wangu alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Mimi nilicheka pia, lakini nilipofika kwa paka mikono ililoa.

Hapo ndipo tulipokubaliana. Tungepanda ngazi: tuanze na katuni, twende kwenye vipindi vya zamani vya televisheni, halafu filamu. Sharti langu lilikuwa moja, kwamba kila kitu nikione mimi kwanza. Yeye alidhani ni kwa ajili ya usalama wake.

Katuni zilikuwa rahisi, isipokuwa mbili. Ya kwanza ni Minnie the Moocher ya 1932, ya akina Fleischer, ambamo Betty Boop anatoroka nyumbani na kuingia pangoni. Humo kuna mzimu wa mnyama wa baharini mwenye meno marefu kama ya tembo, anayeimba na kuteleza sakafuni kwa namna ambayo mchoro hauwezi kuteleza. Sababu ni kwamba hayo ni maungo ya mtu halisi, mwanamuziki Cab Calloway: alipigwa picha akicheza, kisha wachoraji wakafuatisha mwendo wake picha moja baada ya nyingine. Mwanzoni mwa katuni anaonekana yeye mwenyewe na bendi yake, kwa hiyo unaweza kulinganisha. Tuliirudia mara nne, na mtoto sasa anatembea hivyo kwenda bafuni.

Ya pili sikumwonyesha, wala sitamwonyesha hivi karibuni. The Tell-Tale Heart ya 1953, kutoka hadithi ya Edgar Allan Poe, inasimuliwa na mwigizaji James Mason kwa sauti ya mtu anayekueleza kwa upole kwamba hana wazimu. Muuaji mwenyewe karibu muda wote humwoni. Unaona anachokiona yeye, ngazi zimepinda, kuta zimepasuka, na lile jicho la mzee. Huko Uingereza wakaguzi wa filamu waliipa alama ya X, ya watu wazima peke yao, na haikuwahi kutokea katuni kupewa alama hiyo kabla yake. Niliitazama saa tano asubuhi, madirisha wazi.

Kwenye televisheni tulikaa zaidi na The Twilight Zone, kipindi cha Rod Serling kilichorushwa Marekani kuanzia 1959 hadi 1964. Sehemu zake ni 156, na yeye peke yake aliandika 92. Kwa mwoga kile ni chuo kizuri, maana sehemu nyingi ni za nusu saa: hata ukiumia, unaumia kidogo. Ile maarufu ya ndege, Nightmare at 20,000 Feet ya 1963, mwigizaji William Shatner ni abiria anayeona kiumbe juu ya bawa na hakuna anayemwamini. Mpwa wangu alimtazama kiumbe kwa makini kisha akatoa hukumu: "Mjomba, hilo si zimwi. Hilo ni zulia." Kweli, limevaa kama zulia. Lakini nikamwomba arudishe nyuma hadi pale Shatner amefunga pazia la dirisha, amekaa, anajizuia asilifungue. Zulia halijaonekana hapo. Ni kitambaa tu na mkono unaokisogelea. Alinyamaza. Kisha akasogea kidogo kutoka upande wa mlango.

Nilijiona mwalimu, nikavimba kichwa, nikaamua tuanze filamu na ile kongwe kabisa niliyoisikia, Nosferatu ya Murnau, ya 1922. Aibu tupu. Mnyonya damu anatembea mtaani na jeneza kwapani, jua linawaka, watu wanakimbia kama bata waliomwagiwa maji. Mtoto alicheka kuliko alivyocheka kwa ile mifupa, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Ilinichukua wiki kuelewa kosa. Filamu haikuwa mbovu, nakala ndiyo ilikuwa mbovu. Zama zile matukio mengi ya usiku yalipigwa mchana, kisha utepe wa filamu ukatiwa rangi: buluu kwa usiku, manjano kwa mwanga wa ndani. Nakala niliyoipata ilikuwa imepoteza rangi hizo, ndiyo maana zimwi likaonekana linatembea adhuhuri. Tena filamu bubu hazikuwa na mwendo mmoja kama za leo, na ukiziendesha kwa kasi isiyo yake kila mtu anakuwa bata. Na hii ilikuwa na mkasa zaidi, kwa sababu iliitwaa hadithi ya Dracula bila ruhusa, mjane wa mwandishi wake, Bram Stoker, akashtaki, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Tunachokitazama leo kimeunganishwa kutoka nakala zilizoponea nchi nyingine. Nilitafuta iliyokarabatiwa, yenye buluu yake. Kivuli kinapopanda ngazi, kucha mbele, safari hii hakuna aliyecheka. Tangu hapo, kabla sijabonyeza chochote, nauliza kwanza nakala imetoka wapi. Night of the Living Dead ya 1968 imejaa kila mahali kwa nakala hafifu kwa sababu ya uzembe mdogo: jina la filamu lilibadilishwa, na tangazo la hakimiliki lililokuwa chini ya jina la zamani likaondoka nalo. Ikawa mali ya kila mtu, na kila mtu akaitoa anavyojua. (Hiyo nayo si ya watoto. Nilitazama nusu yake nimesimama.)

Kisha ikaja Cat People ya 1942, na hapo ndipo mbinu yangu ilipozaliwa. Niliitazama peke yangu, mtoto akiwa chumba cha pili na kitabu. Mwanamke anatembea usiku, nyuma yake zinasikika hatua za viatu vya mwanamke mwingine. Ghafla zinakoma. Kimya. Anageuka, hakuna mtu. Anaharakisha. Halafu ukaja mlio kama wa chui na mimi nikapiga kelele.

"Nini, Mjomba?"

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi tu! Gari! Ni basi limesimama!"

Alikuja kuona, akarudisha nyuma mwenyewe. Ni kweli, breki za basi la abiria. Producer wa filamu ile alikuwa Val Lewton, na watu wa filamu mpaka leo mshtuko wa aina hiyo wanauita basi la Lewton. Mtoto akachukua rimoti, akaondoa sauti, tukatazama tena. Mwanamke anatembea. Basi linakuja. Anapanda. Ungedhani ni tangazo la usafiri.

Nikaona nimepata dawa. Kila filamu nitaitazama kwanza bila sauti, nijue nani anatokea wapi, kisha niirudie na sauti yake. Mpwa wangu anasema huo ni wizi wa mtihani, na sibishani naye. Ulinisaidia. Kwa njia hiyo nilimaliza Frankenstein ya 1931, ambayo bila sauti wala na sauti Boris Karloff, anayeigiza zimwi, ananitia huruma kuliko hofu, na Carnival of Souls ya 1962, ambayo kinanda chake kinastahili kifungo.

Iliyovunja dawa yangu ni The Haunting ya Robert Wise, ya 1963. Mara ya kwanza niliizima pale kitu kinapoanza kugonga kuta za korido, kinakuja, kinakuja. Mara ya pili nikaondoa sauti kama kawaida yangu, nikakaa tayari kumwona huyo anayegonga. Hayupo. Nilitazama filamu nzima ya mizimu isiyo na mzimu. Wanawake wawili wamekumbatiana kitandani wanaangalia mlango. Mwanamke anaangalia nakshi za ukuta. Kuna mlango mmoja mnene wa mbao unaobonyea kwa ndani kana kwamba una mapafu, na hicho ndicho kiumbe pekee utakachokiona. Hakukuwa na kitu cha kujifunza mapema. Nilifika mwisho bila hofu, na bila kujua nini kinaningoja.

Mara ya tatu nikafungua sauti. Eleanor, mmoja wa wale wanawake wawili, amelala gizani, nyuma ya ukuta kuna sauti ya kunong'ona na ya mtoto anayelia, naye ameshikana mkono na mwenzake Theo na kumwambia asimbane sana. Mara ya pili nilikuwa nimeiona sehemu hii nikadhani ni mtu anaota. Taa inawaka. Theo yuko mbali naye, ndiyo kwanza anaamka. Eleanor anautazama mkono wake na kuuliza ulikuwa umeshikwa na nani.

Nilisimamisha picha. Nilikaa hivyo kitambo. Kisha nikaendelea, na nikaimaliza, na ninaihesabu kuwa filamu nzuri kuliko zote tulizopitia, ingawa mtoto hajaiona na nimemwambia angoje miaka mitatu. Amekubali haraka mno. Nadhani ana mpango wake.

Katika orodha imebaki Psycho ya 1960, ile ya mauaji bafuni. Dada yangu, ambaye hakuna alichokuwa anakiunga mkono katika mradi huu wote, ndiye aliyetoa ushauri: niitazame baada ya kuoga, si kabla.