Flashi haifunguki kwenye Linux? Soma alama kabla ya kufomati

Ukichomeka flashi ya Kariakoo kwenye Linux ikagoma kufunguka, usikimbilie kuifomati. Anza na `sudo blkid -p /dev/sdb1` (weka jina la patisheni yako, yaani sehemu ya diski, badala ya sdb1). Amri hii husoma alama ya mfumo wa faili iliyo ndani ya patisheni yenyewe, na hilo ndilo la maana, kwa sababu kwenye jedwali la MBR (orodha ya patisheni iliyo mwanzoni mwa diski) namba ya aina 0x07 hutumiwa na mifumo ya faili ya NTFS na exFAT yote miwili.

Kila mfumo wa faili una alama na mahali pake. Tukihesabu baiti kuanzia sifuri: XFS huandika XFSB mwanzoni kabisa, NTFS na exFAT huweka majina yao baiti ya 3, na Btrfs imejichimbia mbali, 65600. Alama ya ext4 ni 0xEF53, baiti ya 1080. Ukichungulia kwa `sudo xxd -s 1080 -l 2 /dev/sdb1` utaona 53ef. Usishtuke, baiti ya upande wa kulia huandikwa kwanza. Tatizo ni kwamba ext2 na ext3 zina alama hiyohiyo. Kinachozitofautisha ni bendera za vipengele kwenye supabloku (sehemu inayohifadhi maelezo ya mfumo wa faili), ndiyo maana `stat -f` hukujibu "ext2/ext3" hata juu ya ext4. Kwa diski iliyokwisha kupachikwa (mount), mwamini `findmnt`.

Ukiona "unknown filesystem type 'exfat'", alama imesomwa vizuri. Keneli, yaani kiini cha Linux, ndiyo haina dereva. Jaribu `sudo modprobe exfat`, halafu tazama /proc/filesystems, maana moduli (dereva inayopakiwa kwenye keneli) ambayo haijapakiwa haiorodheshwi humo. exFAT iliingia kwenye Linux 5.4, mwaka 2019.

Alama mbili zikigongana, `sudo wipefs /dev/sdb1` huzionyesha. Usiongeze `-a`: hiyo inazifuta.