Jinsi tulivyozuia programu kuwakata ng'ombe vipande

Mwenzangu ni mwanahistoria wa Nyegezi anayekusanya masimulizi ya wazee wa Kisukuma. Mimi niko Kirumba, kazi yangu programu. Tulikuwa tunatengeneza kifaa cha Python (lugha ya kuandikia programu) cha kuhesabu maneno na kuonyesha kila moja limetumika wapi.

Matokeo yalichekesha: "ombe" limejaa kila ukurasa, "ng'wana" halipo kabisa. Mwanahistoria ndiye aliyeling'amua. Mimi nisingejua kipi ni neno na kipi si neno katika matini yale.

Chanzo ni ritifaa, ile alama ya ' katika ng'. Programu ya kuandikia ya mwanahistoria huigeuza iliyonyooka (U+0027 katika Unicode, orodha ya kimataifa ya namba za herufi na alama) kuwa iliyopinda (U+2019). Kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti, na zote ni za uakifishaji, basi kanuni ya `\w+`, inayookota herufi na tarakimu zilizofuatana, hukata neno papo hapo. Tukaongeza mstari huu kabla ya kukata maneno:

`matini = re.sub(r"(?<=ng)['\u2019](?=\w)", "\u02bc", matini, flags=re.I)`

U+02BC inafanana na ritifaa kwa macho, ila Unicode inaihesabu kuwa herufi.

Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) mwanahistoria hakuitaka, na sikumlazimisha. Anajaza jedwali: sentensi upande mmoja, maneno anayotarajia upande wa pili. Kila safu mlalo naigeuza kuwa jaribio la pytest (zana ya kujaribu msimbo wa Python), na nikiharibu kitu linapiga kelele kabla yeye hajaona.

Mstari huohuo wa `re.sub` uweke pia kwenye kisanduku cha kutafutia, la sivyo mtu ataandika ng'ombe na kupata sifuri.