Kwani mwakitia nyie?

Siku ya nne leo na bado naisikia sauti ya Ami. Dada kaposwa, stima imepotea siku mbili, na kichwani mwangu kumebaki hilo moja tu.

Tulikua barazani baada ya magharibi, nkamuonyesha picha kwa simu ya kale kachupa kadogo ka kule maabara. Nkamwambia Ami, haka ni lita nzima ya maji ya Sabaki. Nkamweleza, tunayachuja kwanza manake mto ukishuka na mvua za huko bara maji yawa kama chai ya maziwa, kisha tunayapitisha kwa katriji, kibomba kama cha sindano, ndani mna unga mweupe, pole pole, lita moja yaenda zaidi ya saa tatu. Maji yapita, dawa za mashambani zanasa kwenye unga. Twazing'oa kwa methanoli kidogo, twaipulizia nitrojeni mpaka ibaki mililita moja. Kilichokua ndani ya lita sasa kimo ndani ya mililita, yaani mara elfu, ndo mashine ikione.

Ami kanyamaza, kisha: "Mwanangu, kitu mpaka ukikusanye mara elfu ndo kionekane, hicho kiko kweli? Kwani mwakitia nyie?"

Watu wakacheka. Nkamjibu "Kiko, Ami," kwa sauti kavu, sauti ambayo si ya kumjibu mtu alonilea.

Na kiliniuma manake kesho yake majibu ya blanki yakatoka. Blanki ni maji safi kabisa unayoyapitisha njia ile ile, hayatakiwi kuonyesha kitu. Kilele kwenye grafu ya mashine kimesimama palee. Thaleti, zile zinazolainisha plastiki. Hazikutoka mtoni, zimetoka kwetu, labda mpira wa pampu, labda glavu, na uchafu ukiingia mwanzoni nao wakusanywa mara elfu na hauna alama ya kusema mimi si wa mto. Dawa za mashamba ziko, hizo kwenye blanki hazikuonekana. Lakini swali la Ami ndo swali ambalo mtu wa maabara afaa ajiulize kila asubuhi, na mimi nlimjibu vile. Nimeosha glasi zote upya kwa asetoni, mpira nimeubadilisha, narudia yote.

Jana asubuhi nkamfuata miambani, alikua apasua chaza. Nkamwambia Ami unisamehe, swali lako lilikua la haki, kingine twatia sisi wenyewe. Hakucheka. Kashika chaza mmoja, kisu kikiwa bado mdomoni mwa gamba, kaniuliza, "Na huyu? Kutwa ayachuja maji haya haya. Naye yuwakusanya kama nyie?"

Nkamwambia ndio Ami, naye akusanya.

Kamtizama weee. Kisha kachagua kumi na wawili ambao hajawapasua, wakaingia kwenye ndoo ya plastiki, mara kawatoa mmoja mmoja kawatia kwa sufuria la bati. "Si wasema plastiki yatia vyake?" Wallahi nlitembea mpaka nyumbani na lile sufuria kifuani kama nimebeba mtoto.

Bibi hajateremka ngazi tangu juzi. Asema ni goti tu. Na chai ya leo kaiacha nusu.