Jumamosi Tuliyochagua Nchi

Wiki hiyo Kanada ilitangaza kupunguza wahamiaji. Tarehe 24 Oktoba 2024 serikali yake ilisema kwamba wakaazi wa kudumu 500,000 waliokuwa wamepangwa kupokelewa mwaka 2025 sasa watakuwa 395,000, na miaka miwili itakayofuata idadi itashuka tena. Habari hiyo ilitukuta tukipanga kuhama, nchi nne zikiwa bado mezani. Nikamwambia mke wangu kwamba tukiendelea kusubiri, milango itafungwa mmoja baada ya mwingine huku tukitazama. Tukakubaliana Jumamosi, akishatoka zamu ya usiku na kupata usingizi kidogo, tukae tuamue.

Mimi ni mhasibu, yeye ni muuguzi. Kazi ya kutafuta habari ilikuwa yangu, na niliifanya kwa moyo wote. Kwenye kompyuta nilikuwa na jedwali refu la Uingereza, Ujerumani, Australia na Kanada: kodi, shule, baridi, miaka ya kungoja uraia. Alilisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, akalishusha hadi mwisho, akalipandisha tena.

"Baba watoto," akasema, "hapa unahama wewe au tunahama sote?"

"Tunahama sote."

"Basi nionyeshe Jumatatu ya kwanza baada ya kufika, mimi nitaamka kwenda wapi."

Safu ya jibu hilo haikuwepo. Akavuta kiti, tukaanza kuipitia nchi moja moja kwa swali lake.

Uingereza ilikuwa na jibu la haraka kuliko zote. Muuguzi hufanya mtihani wa kompyuta akiwa kwao, anapata mwajiri, anasafiri, kisha anafanya mtihani wa vitendo kule kule. Lakini viza yenyewe imefungwa kwa mwajiri. Ukiachana naye, lazima upate mwingine mwenye kibali cha kuajiri wageni, la sivyo viza inakatwa. Tena mwezi Machi mwaka huo huo wahudumu wapya wa malezi ya wazee na wagonjwa walizuiwa kuja na familia zao. Wauguzi hawakuguswa, lakini mke wangu alisema hataki watoto wake wakae mahali ambapo barua moja ya mwajiri inaweza kuwaondoa shuleni. Sikubishana naye.

Ujerumani niliipenda mimi. Juni 2024 walikuwa wamepunguza miaka ya kungoja uraia kutoka 8 hadi 5, na wakaruhusu mtu kubaki na uraia wake wa zamani. Nilipenda pia jinsi wanavyoshughulikia vyeti: unatuma nyaraka ukiwa kwenu, wanalinganisha masomo yako na ya kwao, kisha wanakuandikia rasmi ni kipi kimepungua, nawe unachagua kukijazia kwa mafunzo au kwa mtihani. Huo ni uungwana. Mtu anajua anachokwenda kukabiliana nacho kabla hajauza kitanda chake. Kilichotushinda ni lugha. Muuguzi kwa kawaida huhitaji Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani cha kufanyia kazi bila kubabaika, na mtu wa zamu za usiku mwenye watoto wawili hafiki B2 kwa kusoma wikendi. Na mimi je? Uhasibu ni sheria za kodi na mikataba, vyote kwa Kijerumani.

Australia tuliimaliza upesi. Pamoja na NCLEX-RN, mtihani wa kompyuta wa leseni ya uuguzi, wauguzi wengi wanaotoka nje hutakiwa kwenda Adelaide kufanya mtihani wa vitendo kabla ya kupewa leseni. Kusafiri hadi upande ule wa dunia kwa ajili ya mtihani, urudi, kisha ungoje, hatukuuona uwezo huo.

Ikabaki Kanada, nchi ile ile iliyokuwa imetutia hofu juma hilo. Kwa Express Entry, mfumo wao wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi kwa pointi, maombi yakikubaliwa familia nzima inaingia na ukaazi wa kudumu siku moja. Mke, mume na watoto wana haki ile ile ya kufanya kazi na kusoma, na hakuna anayening'inia kwenye ajira ya mwenzake. Kwangu hilo lilizidi hali ya hewa na kodi kwa mbali.

Ila pointi. Wana kipimo chao cha kumpanga kila mwombaji, na hadi wakati huo mahesabu yote niliyafanya kwa jina langu. Nilikuwa na miaka 41. Kwa mtu anayeomba pamoja na mwenzi wake, umri kati ya 20 na 29 una pointi 100, halafu kila mwaka zinapungua hadi sifuri ukifikisha 45. Wa miaka 41 anapewa 35. Mke wangu alinitazama nikiziandika, akaniambia niandike na zake pembeni. Alikuwa na miaka 33: pointi 80. Pointi 45 zaidi, hata hatujafika kwenye elimu.

Kisha akauliza kama wauguzi wana foleni yao. Wanayo. Tangu 2023 Kanada ina mizunguko ya mialiko ya kuomba ukaazi kwa fani maalumu, afya ikiwemo. Katika mizunguko ya jumla ya mwaka 2024 hata wa mwisho kualikwa alikuwa na zaidi ya pointi 500, lakini katika ule wa afya wa Februari wa mwisho alikuwa na 422. Tukapiga hesabu yake mara ya pili, polepole, tukikadiria alama za Kiingereza kwa chini kuliko tulivyotarajia. Bado alikuwa karibu. Mimi nilikuwa mbali.

"Mwombaji mkuu ni wewe, mama watoto," nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mama?"

Mama ni mama yangu, ila mke wangu ndiye anayempeleka kliniki. Nikamsomea habari za viza maalumu ya wazazi wa wakaazi wa kudumu, inayomruhusu mzazi kukaa hadi miaka mitano kila anapoingia, mradi awe na bima ya afya na mtoto wake aonyeshe kipato cha kutosha. Haikuwa sawa na kuishi naye. Alitaka nimsomee tena kipengele cha bima, akakiandika kwa mkono wake.

Jioni tukashika nyaraka, na hapo ndipo tulipotumia muda mwingi. Ukaazi na leseni ni safari mbili, na anayechanganya moja na nyingine hufika na ukaazi mkononi lakini wodini hawezi kuingia. Kila jimbo lina chombo chake cha kusajili wauguzi, kwa hiyo kusema "tumechagua Kanada" hakukutosha. Ilibidi tuchague jimbo. Quebec tuliiacha kwa sababu ya Kifaransa na kwa kuwa ina utaratibu wake wa kuchagua wahamiaji. Tukabaki na Ontario.

Hata mitihani ya Kiingereza ni miwili. Wahamiaji wa Express Entry wanaotumia IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hufanya ile ya General Training, ya matumizi ya kawaida, ilhali wasajili wengi wa wauguzi wakiikubali IELTS huwa wanataka ile ya Academic, ya kitaaluma. Jina ni moja, karatasi ni mbili. Na kwa uhamiaji, kufikia kiwango cha 9 cha lugha cha Kanada kunataka alama 8 za kusikiliza, ingawa kusoma, kuandika na kuzungumza ni 7. Mke wangu akapiga mstari chini ya ile 8.

Tulipopanga vyeti vyake sambamba juu ya meza, tukaona stashahada yake ya uuguzi ina jina la baba yake, leseni ina majina yote mawili, pasi ya kusafiria ina jina langu. Ni mtu mmoja, lakini afisa wa mbali atajuaje? Tukaandika orodha: hati ya kiapo kwa wakili, nakala ya cheti cha ndoa, na barua ya chuo itakayotaja jina la zamani na jipya. Vyeti vya polisi na vipimo vya afya tukaviacha chini kabisa, kwa sababu mwaliko ukija una siku 60 tu za kuwasilisha maombi, na nyaraka zinazoisha muda hazifai kutangulia.

Jumatatu alitoka zamu akapitia moja kwa moja masijala ya chuo chake, kwa kuwa matokeo yake lazima chuo chenyewe kiyatume kwa watathmini wanaolinganisha vyeti vya nje na elimu ya Kanada. Mwombaji haruhusiwi kuyabeba. Mimi nikalipia General Training yake kwanza. Majibu ya mtihani huo hudumu miaka miwili, na bila hayo hatungeweza hata kufungua wasifu wake kwenye mfumo.