Nilivyoielewa BPD, na swali la shangazi: "Utapona lini?"

Faili langu lilisema baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda mno na kushuka mno. Kila usiku nilimeza valproeti, dawa ya kutuliza hisia, na bado siku moja ilinipandisha na kunishusha mpaka nachoka.

Mwanasaikolojia mpya ndiye aliyeniuliza: hali hiyo hudumu kwa muda gani, na kabla yake kulitokea nini? Akanituma niwe naandika saa kwenye daftari. Saa mbili asubuhi niko sawa. Saa nne mchumba hajajibu meseji, najiona takataka, naandika barua ya kuacha kazi. Saa nane kapiga simu, dunia imenyooka. Baipola kwa kawaida haiendi hivyo. Vipindi vyake huchukua siku kadhaa au wiki, na mara nyingi havingoji mtu akuudhi.

Ilikuwa BPD, tatizo la haiba (namna mtu anavyohisi na kuhusiana na watu) la aina ya bodalaini: hisia huyumba haraka, na hofu ya kuachwa ni kubwa. Kwa mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, vigezo ni tisa; ukitimiza vitano, na viwe vya muda mrefu, umo. Nikapiga hesabu: watu wawili wanaweza kupewa jina hilohilo na wakafanana kigezo kimoja tu! Visa vya mtandaoni vilivyonikosesha usingizi vingi havikunihusu.

Daktari wa akili akaniondoa kwenye valproeti kidogo kidogo (yeye, siyo mimi). Hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa BPD yenyewe. Dawa husaidia yanayoambatana nayo, kama sonona. Tiba kuu ni ya mazungumzo. Mojawapo, DBT, inayofundisha stadi za kuhimili hisia kali, aliibuni Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwaka 2011 alisema hadharani kwamba naye alilazwa ujanani akijiumiza. Hapa Dar sikupata kikundi cha kujifunza stadi zake, tukazifanya wawili, mimi na mwanasaikolojia wangu, kwa bei iliyonifanya niende kwa kurukaruka.

Shangazi, aliyenilea, akauliza: "Sasa mwanangu, utapona lini?"

Nikamsimulia utafiti wa Mary Zanarini wa Hospitali ya McLean, karibu na Boston. Wagonjwa 290 waliowahi kulazwa wamefuatiliwa tangu miaka ya 1990. Ndani ya miaka 10, asilimia 93 walikaa angalau miaka miwili bila kutimiza vigezo. Shangazi akasema alhamdulillahi. Sikumficha yaliyobaki: walioongeza juu yake kazi au masomo yanayoeleweka na uhusiano mzuri na watu walikuwa nusu tu. Tena dalili haziondoki pamoja. Kujiumiza na kukurupuka hutangulia kupungua. Upweke na hofu ya kuachwa hukawia.

Hiyo nusu ndiyo iliyonishtua kuliko jina la ugonjwa. Nikamwomba mwanasaikolojia tusingoje dalili ziishe ndipo tuzungumzie ajira. Siku hizi sehemu kubwa ya kikao ni mambo ya ofisini: kupokea lawama za bosi, kuomba ruhusa bila kusimulia maisha yangu yote. Shangazi anasema nalipia ushauri ambao angenipa yeye bure.