Nilivyoufunika ua wa nyumba ya urithi Malindi, mara mbili

Kila nikipiga picha pale uwani kwetu watu wananiuliza fundi nani na imenitoka ngapi, na jibu lake refu, mana hicho kifuniko cha ua wanachokiona pichani ni cha mara ya pili. Cha kwanza tulikivunja wenyewe kwa pesa zetu.

Nyumba iko Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe hapa Zanzibar, ya babu mzaa mama, sa hivi ni ya warithi wanne na anayeishi humo ni bimkubwa wangu pamoja na mie na wanangu wawili. Nyumba za kule mnazijua, ukuta wa mawe na chokaa mnene mpaka mtoto anakaa dirishani akachezea wanasesere wake, na vyumba vyembamba virefu kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko na boriti haiwi ndefu, mita tatu hivi bas, kwa hiyo chumba hakiwezi kuwa kipana zaidi ya hapo. Ndani giza. Saa nne asubuhi bimkubwa anawasha taa apate kuchambua mchele. Mwanga wote uko uwani, mita 4 kwa 3 na nusu, upande mmoja ghorofa yetu, pande mbili jiko na stoo ambavyo havina ghorofa, na wa nne ukuta wa jirani. Ndo anapopenda kukaa na mkeka wake na makopo yake ya rihani na asumini, lakini mvua ikija magoti hayamruhusu kuinuka kwa haraka, saa sita jua linamkuta utosini, na kunguru, hawa kunguru wetu msiseme kitu, mmoja aliwahi kumwangushia mfupa wa kuku ndani ya kikombe cha chai ya rangi na yeye amekishika mkononi.

Basi nikasema naufunika ua nifanye kachumba ka kupumzikia, vioo pembeni, juu bati la plastiki lile la kupitisha mwanga, kama ninavyoona kwenye simu wenzetu wa Ulaya wanakaa humo wanaota jua wakati nje kuna theluji. Hapo ndo nilipokosea kabla hata sijanunua msumari, sie huku jua hatulitafuti, jua linatutafuta.

Kibali kwanza. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na huongezi paa wala hugusi ukuta bila kupita Mamlaka ya Uhifadhi, hata kama ni uwani ambako mpita njia haoni. Nilipeleka mchoro pamoja na barua ya warithi wote. Mchoro haukuwa kazi, kazi ilikuwa saini ya mjomba aliyeko Dar, kila nikimpigia ananiuliza, "Na hilo bati litakuwa la nani siku tukigawana?" Nikamwambia mjomba bati chukua wewe, mie niachie kivuli. Akacheka ndo akasaini.

Tukaanza Januari mwaka jana, upepo wa kaskazi, kukavu, wakati mzuri wa kujenga. Fundi kijana hodari wa alumini, mikono misafi, anafika kwa wakati, simlaumu sana. Kwenye mchoro kulikuwa na nguzo, akaniambia, "Dada, nguzo za nini, ukuta wote huu? Tunatoboa tunakaza bolti, siku tatu tumemaliza, na hela ya nguzo inabaki kwako." Nikaona kweli. Nani hapendi hela ibaki. Akatoboa ukuta wa ghorofa na wa stoo, akakaza fremu, akapiga plasta ya saruji chini kote kimo cha mita moja ipendeze, akatandika tailizi ukuta kwa ukuta, akafunga vioo kuanzia juu ya kuta mpaka kwenye paa na silikoni kila ufa. Kwa macho ilikuwa nzuri, wallahi, mashoga zangu walikuja kupiga picha za Iddi humo.

Joto lilianza siku ya kwanza. Nilidhani ni hewa ya rangi mpya. Saa nane mchana hukai, bimkubwa alikaa dakika kumi akatoka anajipepea na kipepeo cha jiko. Kuna mshumaa tuliuacha mezani kwa ajili ya umeme ukikatika, jioni nikaukuta umeinama kichwa kama mtu anayesinzia darsani. Na si humo tu, nyumba nzima ilibadilika, chumba cha mbele cha kwenye uchochoro ambacho siku zote kina upepo kikawa kimetulia tuli, pazia halitikisiki. Baadae ndo nikaelewa kuwa ule ua ndo ulikuwa unavuta hewa, joto la ndani linapanda linatokea juu uwani na hewa baridi inaingia kwa madirisha ya uchochoroni, sasa mie nimeweka kifuniko juu ya bomba. Waliojenga hizi nyumba hawakuacha ua wazi kwa kukosa bati.

Masika yakaingia. Maji yakapita pale bati jipya linapokutana na ukuta wa ghorofa, silikoni ilikuwa imeshabanduka kwenye vumbi la chokaa kama plasta ya kidonda iliyoloa, tukaweka ndoo. Ndoo sikuijali. Kilichonitisha ni chini, ile plasta nzuri ya saruji ikaanza kuvimba, halafu ikatoka unga mweupe, ukiufuta leo kesho upo. Bimkubwa akaupitisha kidole akaonja, akanambia, "Chumvi hii, mwanangu." Wiki mbili mbele kipande ukubwa wa sinia kikaanguka usiku kwa kishindo na nyuma yake jiwe limeloa chapa. Nikaenda kuzishika bolti juu, moja nikaizungusha kwa vidole viwili. Inazunguka! Udongo wa chokaa ndani ya tundu umekuwa unga.

Tangu Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani, iporomoke upande ule Disemba 2020 na ikaua watu, mtu wa Mji Mkongwe akiona ufa halali. Sikulala.

Imamu wa msikiti wa mtaani akatuelekeza kwa mzee mmoja fundi wa chokaa. Alikuja na bakora na nyundo ndogo, hakuuliza kitu, akaanza kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kuanzia mlangoni, ko ko ko, anakwenda, mara sauti inageuka inakuwa kama unagonga pipa tupu, anaweka alama ya mkaa. Kauzunguka ua wote hivo. Alama zote ziko ndani ya ile mita moja ya saruji. Akaniuliza, "Nani aliyeipaka hii?" Nikamwambia fundi, nikaona haya kusema kuwa nilisimama pale na kumhimiza amalize kabla ya Ramadhani.

Alivyonieleza ni hivi. Ukuta wa mawe ya matumbawe siku zote una maji kidogo, yanapanda kutoka chini, na chokaa inayaachia yatoke taratibu. Saruji haiachii. Maji yakikosa pa kutokea yanakwenda juu zaidi na yanabeba chumvi, chumvi ikikauka nyuma ya plasta inavimba inaisukuma. Na zile tailizi ndo zilizidisha, mana zamani ua ulikuwa wa mawe na mchanga, maji yanakauka kwa chini pia, sie tumeziba sakafu yote kwa hiyo unyevu wa ua mzima umehamia ukutani. "Mmeupa ukuta kazi ya watu wawili, mwanangu," ndo maneno yake.

Tukavunja. Saruji tuliitoa kwa patasi na nyundo ndogo, alikataa katakata drili ya kutikisa, wiki moja na nusu vumbi mpaka kwenye biriani. Tailizi tukaziondoa upana wa futi moja kuzunguka kuta zote, pale tukajaza kokoto, na hizo kokoto watu wanadhani ni urembo. Halafu akasema basi, uacheni uchi. Ukuta ukakaa uchi kipindi chote cha kusi, Juni mpaka mwisho wa Agosti, unapigwa upepo. Majirani wakipita wananiuliza hela zimekata? Nikawa naitikia ndio.

Chokaa alikuwa ameshailoweka kwenye pipa na maji yake juu, wiki kadhaa, mpaka ikawa laini kama maziwa ya mtindi. Mchanga hakutaka wa pwani, alitaka wa shimo, mana wa pwani unarudisha chumvi ileile tuliyoitoa. Kupaka kwenyewe ni mara tatu, nyembamba nyembamba, kila mara ukuta unaloweshwa kwanza, na ukishapaka unatundika magunia mabichi mbele yake isikauke haraka ikapasuka. Kazi ya magunia aliichukua bimkubwa, anakaa na ndoo na kata anayamwagia asubuhi na alasiri huku anasikiliza redio, nadhani huo ndo wakati aliofurahi kuliko wote.

Kwenye paa nikarudi kwenye mchoro wa mwanzo ule ule. Nguzo sita za skwea paipu ya gavanaizi, kila moja na msingi wake wa zege chini, zimesimama mbali na ukuta kama sentimita 15, paa zima linajibeba lenyewe na halimdai ukuta kitu. Pale linapokutana na ghorofa kuna bati la kukunja, ncha moja imeingia kwenye mchirizi uliochimbwa baina ya mawe na kuzibwa kwa chokaa, ncha ya pili inaning'inia tu juu ya paa bila kukazwa, kwa hiyo paa likitanuka kwa joto haliung'oi ukuta. Vioo vya pembeni nimetoa vyote. Badala yake luva za mbao na wavu wa mbu, upana wa nusu mita kuzunguka, hewa inapita usiku na mchana. Juu ni bati la kawaida lenye mbao chini yake, bati la mwanga nimebakisha mawili tu, nimeyaweka mashariki apate jua la asubuhi la kuchambulia mchele, upande wa magharibi sikuweka hata kipande, jua la alasiri lile apelekewe mwengine.

Na skrubu jamani. Zile za mwanzo zilikuwa za chuma cha kawaida na bahari iko pua na mdomo na sie, miezi minne zimeshatoa machozi ya kutu, na pale chuma kilipogusa alumini ile alumini imeota unga mweupe. Safari hii stenlesi zote, ghali, niliuza ile meza ya kioo.

Mara ya kwanza ilinitoka milioni 5 na laki 6, ya pili milioni 4 na kitu pamoja na kuvunja. Nguzo nilizoambiwa nitaokoa hela yake zilikuwa kama laki 7. Vioo sijavitupa, viwili nimetia kwenye mlango wa jiko, vilivyobaki viko stoo, anayetaka aje.

Masika ya mwaka huu ndoo moja tu, kwenye kona ya jirani, gata lilijaa majani ya mwarobaini wake. Chokaa chini bado ina mabaka, fundi amenikataza rangi ya mafuta, kasema nisubiri mpaka ikauke yenyewe kisha nipake chokaa ya maji tu. Saa nane mchana bimkubwa yuko humo amejilaza mkekani. Kunguru wamehamia juu ya bati, wanatembea na kucha zao kra kra kra, na yeye anawajibu kwa bakora kutokea chini.